Kabla hujajua kushinda, jua kwanza sare inakujaje

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanangu mliokaa chini huku mbele. Shukran kwa kuja hapa Mkunguni jioni hii, najua wengine mmetoka Shela na wengine mmefunga duka mapema kule Langoni. Nimeombwa niseme na wanaoanza sataranji na mada niliyoichagua ni sare, droo kama wanavosema vijana, na kuna mzazi kashanivuta pembeni kaniuliza, mwalimu mbona unaanza na droo badala ya kuwafundisha watoto kushinda?

Nakujibu mama. Kaa utizame gemu moja ya watoto wawili wanaoanza, itizame mpaka mwisho usiondoke. Mara nyingi mmoja atakua yuko mbele sana, ana malkia na ngome na mwenzake kabaki na mfalme peke yake, alafu muvu mbili tatu baadae gemu imekwisha droo na yule wa mbele hajui imekwishaje. Ama kinyume chake, mmoja yuko nyuma, anaona kashapigwa, anamlaza mfalme wake na kutoa mkono, na kumbe pale ubaoni kulikua na nusu pointi yake imekaa inamsubiri. Manake kwenye mashindano ukishinda unapata pointi moja, ukifungwa sifuri, ukitoka sare kila mmoja nusu. Ile nusu ni pointi kamili ya mtu kugawanywa, kuna aliyeipoteza na kuna aliyeiokoa, na mtoto asiyejua sare zinakujaje atakua kila siku yuko upande wa anayepoteza. Ndo maana mimi naanzia hapa, mambo ya jinsi ya kufungua gemu yatakuja, hayakimbii.

Tuanze na ile inayowauma watu zaidi, stelimeti. Hapa Lamu hii inatusumbua kwa sababu sisi tumekulia kwenye bao. Kwenye bao kete zako za mbele zikiisha umefungwa, na hata ukiwa nazo lakini huna hata shimo moja la kuchezea, umefungwa vilevile, hakuna mjadala. Dama pia ni hivohivo, ukikosa pa kwenda umekwisha. Sasa mzee wa bao anakaa kwenye sataranji mara ya kwanza, anambana mfalme wa mwenzake mpaka hana hata nyumba moja ya kukanyaga, anainuka apewe mkono, anaambiwa na mtoto wa darasa la tano, ami hii ni droo. Anakasirika na mimi naelewa kwa nini anakasirika. Lakini sheria ya sataranji iko hivi: ili ushinde lazima mfalme awe anapigwa, yuko kwenye cheki, na asiwe na njia ya kuitoka, hiyo ndo chekimeti. Ikiwa ni zamu yake, hayuko kwenye cheki, na hana muvu hata moja halali, si kwa mfalme si kwa kitu chake chengine chochote, hapo ndo stelimeti na gemu inakwisha papo hapo, nusu kwa nusu. Mfalme haruhusiwi kujitia mwenyewe kwenye nyumba anayopigwa, kwa hivo hawezi kwenda, na kupita zamu kwenye sataranji hakuna.

Na msidhani sheria hii imeteremka hivi tangu zamani. Kwenye shatranji ya kale, ile ya Waajemi na Waarabu, kumbana mfalme hivo kwa kawaida ilihesabiwa ushindi, na hata kumla mwenzako vitu vyote akabaki na mfalme mtupu ilikua ni ushindi pia. Uingereza nako kulikua na wakati, karne ya 17 na 18 mpaka mwanzo wa ya 19, aliyembana mwenzake hivo ndiye aliyehesabiwa kashindwa, yaani unaadhibiwa kwa kukosa kumaliza! Karne ya 19 ndo watu wakatulia kwenye sare na mpaka leo iko hivo. Kwa hivo mzee wa bao anayelalamika analalamika pamoja na watu wengi waliokuja kabla yake, ila kwenye mashindano haitamsaidia.

Sasa tizameni ubao huu mkubwa. Herufi a mpaka h ni safu za wima, kutoka kushoto kwa mwenye nyeupe, na namba 1 mpaka 8 ni mistari kutoka upande wake kwenda juu, kwa hivo g8 ni safu ya g, mstari wa 8. Mfalme mweusi yuko g8. Malkia wangu mweupe yuko e7. Mfalme wangu yuko mbali huku chini. Mimi napenda kuwafundisha wanaoanza wamuweke malkia umbali wa muvu ya farasi, yaani nyumba mbili upande mmoja na moja pembeni, kutoka kwa mfalme wa adui, manake hapo mfalme hawezi kumkaribia malkia, na kila akisogea na wewe unasogea vilevile, unamsukuma mpaka ukingoni. Lakini kwenye kona kuna hatari. Mfalme mweusi akienda h8, mkono wako utataka kumfuata kama ulivozoea, umpeleke malkia f7. Ukifanya hivo tu imekwisha! Hebu hesabuni wenyewe: g8 malkia anaipiga, g7 anaipiga, h7 anaipiga, na h8 yenyewe haipigwi. Stelimeti. Malkia akiwa g6 pia ni hivohivo. Kwa hivo mfalme akiingia kona mkono wa malkia uache, mwache pale e7 alipo, mfalme mweusi atakua anacheza h8 g8, h8 g8, na wewe polepole unamleta mfalme wako mpaka f6 ama g6, alafu malkia g7 na hiyo ni chekimeti safi. Malkia peke yake hamuuwi mfalme, lazima mfalme wako asaidie, na anayelisahau hili ndo anatoa droo za bure.

Kwa anayeshinda nna ushauri mmoja tu na ntaurudia kila Jumamosi mpaka mchoke: kabla hujaiweka muvu chini jiulize, nikicheza hivi, mwenzangu ana muvu gani? Ukiona hana hata moja na hayuko kwenye cheki, rudisha mkono, tafuta muvu nyengine. Ila muwe mmefikiria kabla ya kugusa, manake ukigusa kitu chako ni lazima ukicheze.

Kwa anayeshindwa, stelimeti ni rafiki yako, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu hii gemu ya mwisho ya mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme mtupu mtakutana nayo sana. Mweupe ana mfalme e5 na askari e6. Mweusi ana mfalme peke yake e7, na ni zamu ya mweusi. Watoto wengi hapa wanasema kashindwa, askari ataingia mstari wa mwisho awe malkia. Hajashindwa. Ana nyumba tatu za kurudi nyuma, d8, e8 na f8, na moja tu ndo inamuokoa. Akienda d8, mweupe anakuja d6, mweusi anarudi e8, askari anapanda e7, mfalme mweusi hana budi aende f7, mweupe anaingia d7 na askari anakua malkia, kwisha. Akienda f8 ni vilevile kwa upande wa pili. Lakini akirudi nyuma moja kwa moja, e8, alafu asubiri, basi mweupe akija d6 yeye anaenda d8 wakabiliane uso kwa uso, mweupe akija f6 yeye anaenda f8. Askari akipanda e7 na kumpiga cheki anarudi e8, na sasa mweupe ana mambo mawili tu, amwache askari aliwe, ama asimame e6 amlinde, na akisimama e6 mfalme mweusi hana pa kwenda. Stelimeti! Rudi nyuma nyooka mbele ya askari, hilo tu. Nawaomba mlifanye nyumbani mpaka mlifanye bila kufikiri, manake hii ni nusu pointi unayoweza kuipata hata ukicheza na bingwa wa dunia, yeye pia hana la kufanya.

Alafu kuna kupiga cheki bila kikomo. Tuseme umekula hasara, mwenzako ana ngome mbili zaidi, muvu inayokuja anakuua. Mfalme wake yuko g8, ana askari pale g7 lakini yule wa f na yule wa h hawapo tena, na malkia wako anaweza kuingia e8. Cheki! Ikiwa hana kitu cha kukinga pale f8, mfalme anaenda h7, hana kwengine. Malkia h5, cheki! Anarudi g8. Malkia e8, cheki tena. Anaenda h7... na mtaendelea hivo mpaka adhana ya isha. Zile ngome zake mbili zinatizama tu, kila zamu yake anaitumia kukimbia. Ukiwa nyuma, hiki ndo kitu cha kwanza cha kutafuta ubaoni, mfalme asiyefunikwa na malkia wako mwenye njia mbili za kupiga. Na ukiwa mbele, ndo cha kwanza cha kuogopa, mfiche mfalme wako vizuri kabla hujaenda kula kula vitu.

Ila jamani, kwenye sheria za sasa hakuna kifungu kinachosema cheki bila kikomo ni sare. Inakua sare kwa sababu hali ileile ya ubao inarudi, na hio ndo sheria ya kurudia mara tatu. Hali ileile ikitokea mara ya tatu, mtu ambaye ni zamu yake anaweza kudai sare. Hali ileile maana yake ni vitu vyote mahali palepale, zamu ya mtu yuleyule, na ruhusa zilezile, kwa mfano kama mwanzo mfalme alikua bado na haki ya kujificha na ngome, yaani wote wawili kusogea kwa muvu moja, na sasa hana, basi hio si hali ileile hata kama kwa macho ubao unafanana. Na si lazima zije zikifuatana! Inaweza kutokea muvu ya 30, ikatokea tena ya 32, alafu ya 34, na katikati kukapita mambo mengine, bado inahesabika.

Mfano wangu ni Buenos Aires mwaka 1971, Bobby Fischer wa Marekani na Tigran Petrosian wa Muungano wa Sovieti, wanacheza wapatikane mmoja wa kwenda kumkabili bingwa wa dunia Boris Spassky. Gemu ya tatu, Petrosian alikua na hali nzuri zaidi, Fischer yuko kwenye shida. Hali ileile ikarudi, ikarudi tena, na Fischer aliyekua anahesabu akadai sare, na sare ikawa. Petrosian huyu alishawahi kuwa bingwa wa dunia mwenyewe. Fischer akaja kulishinda pambano lote. Kwa hivo ninapowaambia muandike muvu zenu zote kwenye karatasi na nyinyi mnanuna, sababu ndo hii, bila karatasi huna ushahidi, utamwambia refa imerudi mara tatu, mwenzako atasema mara mbili, na refa hawezi kukupa kwa maneno. Ukitaka kudai na muvu utakayoicheza wewe ndo itakayoleta hali ya tatu, usiicheze kwanza, iandike, umwite refa umwambie. Ukishaicheza na kubonyeza saa ya mchezo, nafasi imekupita. Hali ikirudi mara tano hapo refa mwenyewe anasimamisha, hakuna kudai. Na nyinyi wa simu, najua mnacheza usiku kucha, baadhi ya zile programu zinakata droo zenyewe mara ya tatu na ndo mmezoea hivo, kwenye ubao wa mbao hakuna wa kukukatia, ni macho yako na kalamu yako.

Sheria ya muvu 50 ni ndugu yake. Zikipita muvu 50 za kila mmoja bila kitu chochote kuliwa na bila askari yoyote kusogezwa, unaweza kudai sare, na zikifika 75 inakua sare yenyewe, isipokua ile muvu ya mwisho kabisa iwe ni chekimeti, hapo chekimeti inashinda. Askari mmoja akisogea nyumba moja tu, hesabu inaanza upya sifuri. Inamlinda anayejitetea asichoshwe mpaka alale. Mfalme na bishopu na farasi dhidi ya mfalme mtupu, kwa mfano, inawezekana kuuwa, na anayejua vizuri haimchukui zaidi ya muvu 33, lakini asiyejua atazunguka na kuzunguka na muvu 50 zitamkuta njiani. Ukibaki na mfalme peke yake na mwenzako ana hivo vitu, usitoe mkono! Mwambie nionyeshe, alafu anza kuhesabu. Mwaka 1989 kule Belgrade, Nikolić na Arsović walicheza muvu 269 na ikaishia sare, wakati ule kulikua na ruhusa ya muvu 100 kwa mfalme, ngome na bishopu dhidi ya mfalme na ngome, ndo ikafika huko.

Hali iliyokufa ntaipita haraka manake ni rahisi. Ikiwa ubaoni hakuna njia yoyote ya kumuuwa mfalme hata mmoja akijitahidi kujiuwa mwenyewe, gemu imekwisha. Mfalme kwa mfalme, mfalme na bishopu mmoja kwa mfalme, mfalme na farasi mmoja kwa mfalme. Farasi wawili dhidi ya mfalme mtupu haijafa, ila huwezi kumlazimisha, mpaka yeye akosee. Mkiwa na askari hata mmoja pia kwa kawaida haijafa, askari anaweza kuwa malkia. Na kuna moja inawashangaza watu, mfalme na bishopu na askari wa pembeni kabisa, sema askari wa h, na bishopu wako anatembea nyumba nyeupe, manake kila bishopu hubaki kwenye rangi moja. Nyumba ya h8 ni nyeusi. Mfalme wa adui akiwahi kuingia h8 humtoi, ukimkaza zaidi unampa stelimeti. Uko mbele kwa bishopu na askari na ni droo! Kwa hivo kabla hujabadilishana vitu vya mwisho tizama bishopu uliyebaki naye ni wa rangi gani.

Saa nayo ina lake. Muda wako ukiisha umefungwa, lakini kama mwenzako kabaki na mfalme peke yake na hawezi kukuuwa kwa njia yoyote ile, ni sare. Msikubali kudanganywa hapa.

Sasa sare ya kukubaliana, na hii ina adabu yake. Unacheza muvu yako kwanza, alafu unasema, naomba sare, alafu unabonyeza saa. Hivo tu. Huombi wakati mwenzako anafikiria, na ukishaomba huwezi kuirudisha, yeye anaweza kukataa kwa mdomo au kwa kugusa tu kitu chake acheze. Ukiomba akakataa, basi usimuombe kila muvu, huko ni kumsumbua na refa anaweza kukuadhibu. Na mimi kwa wanaoanza nasema wazi, kwenye darasa letu hakuna kukubaliana sare ukiwa na vitu ubaoni, chezeni mpaka mwisho, manake hamjajua bado ipi ni sare na ipi si sare, mnakubaliana kwa woga tu. Hata wakubwa wamepingwa kwa hili, kwenye mashindano ya Sofia mwaka 2005 waliweka sheria kwamba wachezaji wasiafikiane sare wenyewe kwa wenyewe.

Lakini asije mtu akasema sare ni kazi ya waoga. Septemba 1984 kule Moscow, Garry Kasparov kijana wa miaka 21 alikaa na bingwa wa dunia Anatoly Karpov. Wa kwanza kushinda gemu sita ndo bingwa, sare hazihesabiwi. Baada ya gemu tisa Karpov alikua mbele nne kwa sifuri. Kila mtu alisema kijana kesho harudi. Kijana akaanza kutoa sare. Gemu 17 mfululizo, sare. Karpov akashinda ya 27, ikawa tano kwa sifuri, abaki na moja tu, na ile moja hakuipata. Kasparov akashinda ya 32, zikafuata sare nyengine 14, alafu akashinda ya 47 na ya 48. Hapo Februari 1985 rais wa FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, Florencio Campomanes, akalisimamisha pambano bila mshindi, miezi mitano imepita, gemu 48, na 40 kati ya hizo ni sare. Mpaka leo watu wanabishana kama ilikua haki kulisimamisha, lakini mwisho wa mwaka ule walicheza tena na Kasparov akawa bingwa. Zile sare zote, yule kijana alikua anamsoma Karpov huku anakataa kufa. Na mwaka 2018 London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walicheza gemu 12 za ubingwa wa dunia na zote 12 zikaenda sare, mpaka wakaamuliwa kwa gemu za haraka na Carlsen akashinda zote tatu.

Haya, maneno yatosha. Mbao ziko hapa kwenye mkeka, kaeni wawili wawili, mkubwa na mdogo, na mzee yoyote wa bao anayetaka aje tu asione haya. Mwenye nyeupe aweke mfalme e5 na askari e6, mwenye nyeusi mfalme e7, mweusi anaanza. Mkimaliza mgeuze upande. Mwenye nyeusi akifungwa aniite nije nimuonyeshe ni wapi alipotoka kwenye mstari, na mwenye nyeupe akishinda aniambie mwenzake alirudi nyumba gani, d8 au f8.